Chenga za Mtungi

Heledd, mtungi wa Mama nimeuvunja.
Ule wa unga wa mkate, wenye mstari wa buluu shingoni,
uliopasuliwa na baridi ya Januari
nawe ukasema usiguswe, utanunua gundi.
Gundi haikuja. Umekaa Cardiff miaka minne.
Nimeutia guniani, nikautwanga kwa nyundo ya Baba,
ile ya kuchongea mawe ya paa kule machimboni,
na kila pigo lilitoa sauti ya meno.

Usiichane karatasi. Soma kwanza.

Nilichekecha mara tatu.
Chenga za kwanza kama mchele,
za pili kama sukari,
za tatu vumbi, nalo sikulimwaga.
Nikazikanda ndani ya udongo mbichi,
konzi moja kwa tatu,
hadi viganja vikawaka kama vimepigwa msasa.
Udongo laini hunibembeleza, hukubali kila kitu,
halafu ukifika motoni hunisaliti:
mshindo mmoja, na kazi ya wiki imetapakaa.
Huu una mifupa. Huu hubisha.
Unausukuma, nao unakuuliza una hakika gani.

Udongo uwahi ungali maji, husemwa.
Kweli. Ila hakuna aliyesema neno
kuhusu ule uliokwisha kuungua:
hausinyai tena, hauna cha kuogopa,
na ukiuchanganya na mbichi
huingia nao tanurini
kama mtu aendaye hospitali aliyolazwa zamani,
anajua mlango upi, benchi lipi.

Nilikusudia kondoo jike aliyelala.
Vidole vikaenda kwingine.
Kufikia Jumatano alikuwa na kidevu cha Mama
siku mwenye nyumba abishapo hodi na kodi haijatimia.
Nikamwachia kidevu.
Nikamtoboa tumboni apate pa kupumulia.

Tanuri ni pipa la mafuta lililovishwa sufu ya kauri,
mtungi wa gesi ukinguruma pembeni.
Saa moja na nusu. Kupitia tundu
nikaona rangi ikichemka juu ya mgongo wake kama uji,
kisha ikatulia, ikawa kioo.
Hapo ndipo. Nikafunua, nikamkamata kwa koleo,
mwekundu kama ulimi,
mvua ya Bethesda ikimdondokea, tss, tss,
nami nikingoja apasuke vipande ishirini.

Hakupasuka.

Nikamzika katika ndoo ya maranda, moto ukaruka,
nikafunika, moshi ukatafuta njia zake,
na Idwal wa jirani akaja mbio na karai la maji,
kandambili juu ya soksi,
akisema zimamoto ameshawaita.
Tukawapa chai, vijana watatu.
Mmoja akauliza kama ni mbwa.

Alipopoa nikamsugua kwa brashi ya sufuria.
Kioo cheupe, kimejaa nyufa nyembamba,
moshi umeingia ukaziandika kwa wino,
na pale ambapo sikupaka kitu, mweusi tititi,
wa kukwaruza: ukipitisha kidole
utazihisi chenga, moja moja,
na karibu na goti la nyuma, ukimgeuzia dirishani,
kuna nukta ya buluu.

Mfinyanzi hulia gaeni.
Mimi nimelila na gae lenyewe.

Nakuletea kwa treni ya tarehe tisa kutoka Bangor,
amefungwa lile blanketi lenye tundu la sigara.
Usishtuke: sikio la kushoto hana,
lilibaki kwenye koleo.
Mama naye, ukikumbuka, upande huo hakusikia
ila alipotaka.
Sikio nimelitia kopo la kahawa,
pamoja na lile vumbi.
Nyundo iko hapohapo, juu ya kifuniko.