Orodha ya Ijumaa

Mji wetu unaitwa Porvenir, maana yake Wakati Ujao.
Mgeni akishuka kwenye feri hutabasamu kwa jina hilo,
kisha upepo unampokonya kofia
na tabasamu linaifuata.

Mwalimu Oyarzo kanipa karatasi ya manila na kalamu ya buluu:
"Wewe mwandiko wako unasomeka.
Andika kila mmoja atakuwa nani, tubandike ukutani Ijumaa,
kabla hamjatawanyika."
Kana kwamba niliomba.

Saa nne usiku, jua la Desemba bado limeegemea dirisha la jikoni.
Naanza na Nevenka Drpic
kwa kuwa amekaa mbele yangu miaka minne
na kisogo chake nakijua kuliko kitabu chochote.
Nevenka atakuwa hakimu.
Anajua kunyamaza mpaka mwongo achoke na uongo wake.
Mwaka jana alinigeukia hivyo, kimya, kuhusu kalamu yake;
nilimrudishia kalamu,
na raba ambayo hata hakuwa ameiulizia.

Eliecer Cárcamo atakata manyoya ya kondoo kama baba yake,
mia na hamsini kwa siku,
mgongo uwe upinde kabla ya miaka arobaini.
Hapana. Nafuta.
Eliecer, anayezidisha tarakimu nne bila kusogeza midomo,
atajenga madaraja. Naandika: mhandisi.
Ila karatasi imechubuka pale nilipofuta;
ukiinyanyua dhidi ya mwanga
kondoo mmoja bado anaonekana.

Mapacha wa kina Barría watagombana kwa simu kila Jumapili,
mmoja Kanada, mwingine hapo ng'ambo ya mlango wa bahari,
na anayelipia simu atakuwa yule yule anayelipia sasa.

Yasna atakuwa muuguzi. Wote wanasema, hata kasisi,
kwa sababu mama yake yuko kitandani tangu tukiwa darasa la tano.
Watu wakikuona umelazimika, hudhani umeitwa.
Lakini Yasna aliniambia chooni,
akikaushia mikono kwenye sketi,
kwamba anataka malori, yale marefu
yanayovuka jangwa la kaskazini usiku kucha,
mahali ambapo hakuna mtu wa kumgeuza ubavu.
Naandika: dereva wa masafa ya mbali.
Ijumaa watacheka.
Wacha wacheke, yeye atajua nimesikia.

Danko atakuwa tajiri, au atafungwa. Kaniomba niandike vyote viwili.

Sasa Rosamel.
Jina lake halijakatwa kwenye daftari la mahudhurio,
na Mwalimu huliita kila asubuhi, kwa mazoea au kwa ukaidi,
nasi sote humjibia: "Yupo!"
Hayupo. Yuko kiwandani, anapasua samaki tangu Agosti.
Namwandikaje mtu ambaye kesho yake ilimjia
saa kumi na moja alfajiri, na buti za mpira zilizomzidi namba?
Sisi tutakuwa. Yeye ameshakuwa.
Nimekaa na jina hilo mpaka chai ikaota ngozi.
Mwisho nimeandika: yupo.

Ukabaki mstari mmoja, wangu.
Niliwaza mambo makubwa, nikaona haya,
nikawaza madogo, nikaona haya zaidi.
Wote hawa nimewapandisha feri mmoja mmoja,
na mkono uliokuwa ukipunga gatini, nikiutazama vizuri,
una wino wa buluu vidoleni.
Nikaacha mstari mtupu.

Alhamisi nikaisahau karatasi juu ya dawati.
Sikuisahau. Niliiacha.

Ijumaa iko ukutani, imebandikwa upande,
Danko anapokea pongezi kwa utajiri wake,
na Yasna, bila kunitazama,
anashika usukani usioonekana na kukata kona.
Mbele ya jina langu kuna mwandiko
mdogo, ulionyooka, usio na rufaa:

"Ataondoka. Halafu atarudi, kama ile raba,
bila mtu kumwuliza."