Upande wa Kivuli

Dada yangu Hallfríður hanunui tiketi
kabla ya kuuliza jua litakaa wapi.
Tangu Machi, walipomtoa mtoto wa jicho,
mwanga kwake ni mgeni asiyebisha hodi.
Akateremsha tufe la shule kutoka juu ya kabati,
lile lenye nchi ambazo siku hizi hazipo,
akachukua uzi wa sufu uliobaki kwenye soksi,
ncha moja Keflavík, ncha nyingine Seattle,
akauvuta mpaka ukakaza.

"Umeona? Uzi haushuki moja kwa moja.
Unapanda kwanza, unaikata Grinlandi kiunoni,
ndipo unaiteremka Kanada.
Tunaondoka saa kumi na moja jioni, jua liko kushoto.
Kulia ni kivuli, na kulia kuna barafu.
Safu ya saba, mbele ya bawa.
Dirisha langu. Wewe katikati."

Sikubishana. Amenipita miaka minne
na amefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja.
Lakini mimi ndiye niliyeitaka Grinlandi,
jirani mweupe wa kwenye ramani ya hali ya hewa,
anayetuletea upepo kila msimu
na hajawahi kutuletea hata kadi.

Na ikawa kama alivyosema.
Kushoto vifuniko vilishushwa kimoja kimoja,
bwana mmoja akajifunika uso kwa kofia.
Kwetu, buluu tulivu, baridi ya macho.
Barafu ilipokuja niliiona vipandevipande:
sikio la dada, mlima, sikio tena,
nywele zake, kisha weupe usio na mwisho.
"Kuna mipasuko," alinisomea. "Ya buluu.
Kama mishipa ya mkono wa mama."
Ananisomea mimi,
mwenye macho mawili mazima.

Saa yangu ya mkononi ilisema saa nne usiku.
Nje ilikuwa alasiri ile ile.
Tulilifukuza jua, nalo halikuwa na haraka.
Ila ndege inayofuata uzi hugeuka,
polepole, kama mtu anavyogeuka usingizini,
na hakuna anayehisi,
mpaka mwanga ukapita mbele ya pua ya ndege,
ukaingia upande wetu,
ukamkalia dada mapajani,
ukapanda vifungo vya sweta, kimoja baada ya kingine.

Alinyamaza. Niliona midomo ikihesabu.
"Hesabu ilikuwa sahihi," akasema,
"ila niliishia nusu ya uzi."

Akashika kifuniko, akakishusha hadi katikati,
akakiacha hapo.
"Ásgerður, wewe hujaona kitu. Badili."

Tukapishana magoti, blanketi, kikombe cha kahawa iliyopoa.
Nikakipandisha kifuniko chote,
nikaegemea mbele hadi bega langu likaziba dirisha,
na kivuli changu kikamwangukia usoni.
Chini, maziwa ya Kanada, hayana idadi,
kila moja likishika jua kwa zamu na kuliachia.
Nilianza kumsomea: "Hili kama ufunguo.
Hili kama shati lililosahauliwa kwenye kamba."
Nilipofika la tatu alikuwa anakoroma.

Sikuweza kusogea. Mkono ulikufa ganzi,
shavu likachomwa kama mkate upande mmoja.
Nikisogea kidogo tu,
mstari mwembamba wa mwanga ulimgusa kope,
nami nikarudi mahali pangu, kama pazia lenye adabu.

Tulitua saa kumi na mbili kasorobo.
Karibu saa nane angani,
tumezeeka dakika arobaini na tano.

Sólrún alitungoja mlangoni, mtoto kifuani,
wiki sita, macho yamefumbwa kabisa.
Akanitazama, shavu jekundu, shavu jeupe.
"Shangazi mdogo, umefanya nini?"

Hallfríður alikuwa tayari anamkinga mtoto
na taa za dari kwa kiganja chake.
"Alikaa upande mbaya," akasema.