Goti

Tikiti yangu ilikuwa hamsini na saba.
Gari nililiacha mbali, nyuma ya duka la matairi,
nikavuka Ibra kwa miguu, saa nne ya asubuhi, jua la mwezi wa sita,
kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi
kama mtu anayekwenda kukopa.

Mlango wa tatu, mkono wa kushoto. Kibao kidogo: Afya ya Nafsi.
Nikaketi nikiukabili ukuta.
Kiti cha jirani kikalia,
na sauti ninayoijua kuliko king'ora ikauliza kwa Kiswahili,
ili wa dawatini asielewe:
"Na wewe?"

Zahor bin Muhanna. Dereva wangu wa miaka sita,
aliyelivusha gari la wagonjwa wadi ikiwa imefika usawa wa milango
na hakuacha kutafuna tende yake.
Hamsini na nane mkononi.

"Goti," nikasema.
"Mimi mgongo," akasema.
Tukautazama mlango ule pamoja.
Hakuna goti lililowahi kuingia mle.

Sikumwambia habari ya bomba.
Tangu usiku wa mafuriko, Rayya akifungua maji jikoni
moyo wangu hupanda gari peke yake ukaondoka.
Naoga kwa kopo, polepole, bila kelele.
Rayya huwasifia wenziwe: mume wangu hafuji maji.
Hajui habari ya kiti cha mtoto,
kitufe chekundu cha mkanda, matope,
hajui kwamba kidole gumba changu
bado kinakibonyeza, juu ya shuka, saa tisa za usiku.

Mama alisema kijicho.
Akanisomea, akanipulizia bilauri ya zafarani, nikanywa.
Dua siikatai.
Lakini yale nayo yalikuwa maji.

Na kituoni, nani angesema?
Tulimwona Hilal.
Baada ya basi lile la barabara ya Sinaw aliomba wiki mbili tu,
mikono ikimtetemeka hata kikombe cha karaki kikawa kinaongea.
Akarudi akakuta ana jina: Biskuti,
maana anamung'unyuka kwenye chai.
Tulicheka hadi tukashika mbavu. Akacheka na yeye.
Mwezi wa pili akaomba uhamisho, akapelekwa ofisi ya stoo,
kuhesabu mitungi ya oksijeni.

Jina lile nililitunga mimi.

Basi tukaishi na goti na mgongo, mimi na Zahor.
"Goti vipi leo?" hunong'ona tukitoka kwenye ajali,
wenzetu nyuma wakifunga machela.
"Limevimba."
"Usilale nalo peke yako."
Ndiyo yote. Anaegesha pembeni dakika tano,
tunaitazama milima isiyo na jani,
kiyoyozi kinavuma, hatuambiani kitu.

Mpaka usiku ule mmoja, Zahor akazima injini.
Hakuuliza goti.
Alisema, "Mwanangu ana miaka minne.
Nikimfunga mkanda nalia. Kila siku, mbele ya shule.
Namwambia ni vumbi."
Na mimi nikasema: bomba.
Neno dogo hilo, nilikuwa nimelibeba miezi kumi na moja.

Sikupona usiku ule; msinielewe vibaya.
Asubuhi nilioga kwa kopo kama jana.
Kisha nikaitafuta namba ya stoo.

"Hilal bin Sleyum," nikasema, jina lake kamili,
jina alilopewa na babake.
Kimya.
"Mimi ndiye niliyekuita Biskuti."
Kimya, na nyuma yake, huko aliko,
mtu alikuwa anasuuza vikombe,
maji yanachuruzika, bomba liko wazi kabisa.

Sikukata simu.