Nguzo Mbili, Shimanzi

Kwanza toa mzigo.
Usiniambie ni kidogo. Fungua buti:
magunia mawili ya mchele, mtungi wa gesi,
kiti cha mtoto aliyekwisha kuota ndevu,
ndoo ya chokaa iliyomwagika ikakauka, ikashika zulia.
Vyote chini. Gari ipande na uzito wake wenyewe,
si wa arusi ya watu.

Ndivyo alivyoanza Fundi Mselem, asubuhi yangu ya kwanza,
na Probox ya Bi Rukiya wa Likoni,
gari iliyovuka feri mara mbili kwa siku, miaka kumi na mmoja,
ikirushiwa chumvi tumboni na kunyamaza.

Nikaiingiza baina ya nguzo.
"Nyuma. Nyuma tena kidogo.
Mbele ndiko kwenye injini. Ukiitia katikati kwa futi
umeitia upande kwa mizani."
Nikarudi nusu tairi.

Mikono minne ya chuma ikaingia chini
kama wachukuzi wa jeneza:
hakuna mwenye ruhusa ya kuchoka.
Nikatafuta alama, ule mkato mdogo chini ya ukingo,
nikaweka mpira mbele kulia, nyuma kulia, mbele kushoto.
Wa nne niliuweka kwa kukisia,
maana jasho lilikuwa limeniingia machoni
na Bi Rukiya alikuwa akitazama saa.

"Shubiri moja tu."
Nikabonyeza. Mota ikanguruma,
tairi zikaiacha saruji.
Mselem akashika bampa, akaitikisa gari
kama anayemwamsha jirani ale daku.
Kimya.
Akaitikisa tena, na nyuma kushoto pakalia,
krr,
mlio mdogo, kama kaki ya jana.

"Shusha."

Akaniita pale nilipokisia.
"Mato yako yalikuwa wapi?"
Akabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama.
Rangi ilikuwa nyeupe, safi, imepigwa juzi;
nyuma ya rangi palikuwa na unga mwekundu,
palikuwa na feri, palikuwa na miaka kumi na mmoja.
"Hapa ungeweka robo ya gari," akasema,
"kisha ungeingia chini yake
na kichwa chako, na spana namba kumi na nne."
Hakupaza sauti. Laiti angenitukana.

Tukausogeza mkono ndani, penye chuma cha kweli.
Shubiri tena. Tikisa tena. Ikatulia.
Ndipo ikapanda, kimo cha goti, kimo cha kifua,
kufuli zikiita nguzo hii, zikijibiwa nguzo ile,
ta, ta,
ta, ta,
nami nikajifunza kungoja jibu.

Bi Rukiya akauliza itachukua muda gani.
Mselem alikuwa keshaingia, amesimama wima,
kichwa baina ya magurudumu, akipiga mluzi.

Mimi nilibaki ukingoni mwa kivuli cha gari,
nikisugua vidole vyenye ule unga.
Hadi leo nikiona rangi mpya nyeupe
kidole gumba huniwasha.