Gusa Mara Mbili

Miaka thelathini na moja niliunganisha sauti za watu
kwenye ubao wa simu wa hospitali moja ya Brno,
waya huu wodi ya wazazi, waya huu chumba cha maiti,
na sikukosea, ila mara moja, na hiyo siisemi hapa.
Leo nimeshindwa kununua siki.

Duka la Wavietnamu chini ya ghorofa yangu:
kijana Khiêm hayupo. Yupo mama yake,
aliyefika juzi, na hii ndiyo baridi yake ya kwanza.
Najua yupo kwa kamasi anazozivuta nyuma ya mzani
na kwa harufu ya mafuta ya mnanaa
aliyojipaka shingoni.

Natoa simu. Kisikizi sikio la kushoto,
la kulia naiachia dunia.
Natelezesha kidole. *Kitufe.*
Natelezesha. *Kitufe.*
*Kitufe. Kitufe. Picha isiyo na jina.*
Aliyeiunda programu hii alikuwa na macho mawili
na haraka moja.
Ramani ni hesabu yangu mwenyewe: cha pili ni kipaza sauti,
cha tano hubadili lugha,
cha sita usikiguse, kinataka pesa.

Nasema haja yangu. Simu inawaza.
Maandishi ya Kivietnamu yanatokea, na anayeyasoma
ni yule bwana Mcheki wa ndani ya simu yangu
asiyejua kupanda wala kushuka,
anayakokota maneno
kama mtu aburutaye kabati ngazini.
Mama kimya.
Kimya hicho nakijua. Nilikisikia kwenye waya
kila mtu alipopewa namba isiyo yake.

Nikagusa cha nne, sijui ni cha nini.
Nikarudi cha pili, nijaribu tena,
na kabla sijafungua mdomo
waya ukanasa kwenye ukingo wa kaunta, kisikizi kikachomoka,
na msomaji wangu, mwaminifu kupita kiasi,
akatangaza mbele ya duka zima:
*Kitufe. Gusa mara mbili kuanza kusikiliza.*

Programu ikamsikia. Programu haichagui cha kusikia.
Ikakigeuza kitu hicho, na kumbe cha nne kilikuwa cha kutamka:
sauti ya kike, laini, Kivietnamu
chenye vilima na mabonde yake yote,
ikamwambia mama wa watu
aguse mara mbili, aanze kusikiliza.

Nikaona aibu mpaka masikioni.

Halafu kidole, kikavu, chenye ufa wa baridi,
kikanigusa kiganjani. Mara moja.
Mara mbili.
Na pumzi yenye mnanaa ikaja karibu, ikatulia,
ikangoja.
Niliomba siki, nikapewa sikio.

Nikakunja uso, nikanyonya mashavu, nikatetemesha mabega
kwa ukali wa kitu ambacho hakikuwepo.
Akacheka. Kicheko hakina cha kutafsiri.
Akaenda nyuma, makopo yakagongana, akarudi
akanijaza mkono vitu vidogo vya mviringo,
baridi, vyenye ngozi nyororo.
Ndimu.
Nikalipa. Ungefanya nini?

Anaitwa Nhàn. Bwana wa simu hulitamka bapa kama sahani;
yeye hulisahihisha, mimi hulifuata, naanguka njiani,
hunirudisha mwanzo, kwa subira
ambayo wauguzi wetu hawakuwa nayo.
Nikiingia sasa hatuanzi na salamu.
Gusa, gusa. Kiganja changu, kiganja chake.

Khiêm huuliza hii ni nini baina yenu.
Mama humjibu jambo refu, lenye kicheko katikati,
na simu ninayo mfukoni, ningeweza kuitoa.
Siitoi. Kazini tulifundishwa:
laini ikishashika, ondoa sikio lako.

Kabichi ya Jumapili naila na ndimu.
Siki, mpaka leo, sijaipata.