Irabu Iliyovutwa

Jumanne, ghorofa ya juu ya maktaba, mjini Hull,
mwalimu Ackroyd anavuta mpira wa kufungia noti:
ukivutika, "leave", kuondoka;
ukilegea, "live", kuishi.
Nanuli naye anavuta. Kwao Kutaisi
"i" ni "i" tu, haina mguu mfupi wala mrefu.

Wiki iliyopita alimpigia simu mwenye nyumba,
kwamba bomba linavuja, na yeye
bado anaishi namba tisa.
Kesho yake mlangoni kibao: NYUMBA INAPANGISHWA.

Sasa amesimama chini ya kibao hicho, simu sikioni,
mpira umembana kidole mpaka kimekuwa zambarau.
"Live," anasema.
"Live." Fupi, kama aliyekanyaga msumari.

Upande wa pili, kikohozi. Karatasi zinafunuliwa.
"Sawa, mama. Lini?"