Kisiwa cha Mayai

Ndege imetua Luano saa tisa kasoro,
ndogo, nyeupe, pua nyembamba kama sindano ya kudarizi,
ndani yake watu wawili na mbwa.
Meneja Tshikala kaja jikoni mbio, tai begani:
"Kabedi, wamefika. Wanataka kile."

Kile. Yaani kisiwa:
ute wa mayai uliopigwa mpaka ukasahau kuwa ni ute,
ukaelea juu ya maziwa ya vanila,
na nyuzi za sukari iliyoungua kichwani, kama shungi.
Hoteli hii imekipika tangu wageni walipokuja kwa treni
na masanduku ya ngozi, na kofia ndani ya maboksi yake.
Menyu inasema hivyo, kwa herufi za dhahabu.
Menyu haisemi nani aliyapiga mayai.

Wametoka kusini, saa mbili na nusu hewani.
Juzi walikula keki ya lozi katika hoteli iliyokuwa kasri ya mfalme;
kesho ni aiskrimu ya waridi, kwingine, penye ngazi za marumaru.
Nimeelezwa hayo na rubani, kijana mpole,
aliyekuja mlango wa nyuma kuomba bukari.

Basi nami nikuhesabie safari ya mayai.
Yalifika Kasumbalesa Jumatatu.
Jumatano yalikuwa bado Kasumbalesa,
nyuma ya malori ya chokaa na salfa,
na Chileshe dereva kayafunika kwa blanketi lake mwenyewe,
maana yai, asema, haligombani na foleni,
linaoza tu.

Vanila ni ya Butembo.
Basi hadi Goma, siku mbili za kusubiri barabara ifunguliwe,
boti hadi Bukavu, Uvira, meli hadi Kalemie,
kisha gari moshi linalosimama hata pasipo kituo.
Wiki sita, kifuani mwa mama muuza vitenge
asiyelijua jina langu.
Sukari tusiizungumze.

Saa kumi umeme ukakatika.
Jenereta ikakohoa, ikakumbuka deni la mazuti, ikanyamaza.
Musonda akanitazama. Nikavua saa.
Nikapiga kwa mkono wa kulia,
nikapiga kwa wa kushoto,
bakuli limebanwa tumboni kama mtoto anayekataa dawa.
Mtu akitaka historia ya hoteli hii
aguse hapa, juu ya kiwiko.

Kikapelekwa. Umri wake dakika nne;
zikipita hutoa jasho, huinama, huzama.
Nikachungulia kwenye kioo cha mlango.
Mwanamke kakipiga picha. Kaigeuza sahani, kapiga tena.
Dakika ya tatu. Mbwa akapiga chafya.
Mwanamume akachota, akafumba macho,
nami, Mungu anisamehe, nikafumba yangu.

Halafu akaita. Anataka kingine, cha kulia ndegeni.
Nikatoka na aproni yenye madoa,
Kifaransa changu kimevaa viatu vya kuazima:
Bwana, hiki hakisafiri.
Akacheka. Akauliza dola ngapi.
Nikasema si dola, ni hewa; kule juu kitapasuka.

(Sijui kama ni kweli.
Nilitaka kitu kimoja tu kibaki Lubumbashi.)

Saa moja usiku ndege ikapita juu ya bomba refu la kiwanda
na ule mlima mweusi wa makapi ya shaba,
taa yake ikipepesa kama mtu mwenye mchanga jichoni.
Mimi niko njiani kwenda Katuba, kwa miguu,
na ndani ya leso, ganda la vanila
nililolisuuza, nikalikausha juu ya jiko.
Nitalizika kwenye kopo la sukari.
Asubuhi mwanangu atakunywa uji,
atauliza, kama anavyouliza siku zote,
harufu hii inatoka wapi,
nami nitaanza: Butembo. Basi hadi Goma.
Siku mbili za kusubiri barabara.